TUJUE MAPEMA TUSICHOKIUZA



Katika kila nyumba vimo vitu vya kuuzwa, na vimo vitu visivyouzwa. Mkulima akijaliwa mavuno mema huyagawa mafungu: hili la chakula, hili la kuuza, na hili la mbegu. Njaa ikibisha hodi baadaye, na mchuuzi akaja na fedha mkononi, fungu la mbegu haliguswi. Mkulima hasimami mlangoni akipima na kuwaza, kwa maana shauri hilo alikwisha kulikata siku ile ya mavuno, tumbo lilipokuwa limeshiba na akili imetulia. Kama angalingoja kulikata siku ya njaa, mbegu zingalikwisha kuliwa, na msimu uliofuata shamba lingalilala tupu.

Hivyo ndivyo tulivyo wenye busara katika mambo ya ghala. Katika mambo ya roho sivyo. Wengi wetu hatujui ni kitu gani ndani yetu kisichouzwa mpaka mnunuzi awe amefika. Naye mnunuzi hafiki siku tuliyojiweka tayari. Hufika siku ada ya mtoto imekosekana, siku mkubwa wa kazi amekunja uso, siku majirani wote wamekubaliana jambo moja na wewe umebaki peke yako. Hapo mtu hukata shauri kwa haraka, huuza, hupokea bei yake. Na usiku, akiwa amelala kitandani, ndipo hujiuliza: Je, leo nimeuza nini?

Juma hili twataka kulitafakari neno hili pamoja nanyi. Yampasa kila Mkristu, na kila jamaa ya Kikristu, kuzijua mapema tunu zake, maana yake yale mambo machache yenye thamani kubwa hata hayana bei. Tena yampasa kuyaishi katika mambo madogo ya kila siku, ili siku ya jambo kubwa yasiwe mageni kwake.

TUNU HUJULIKANA KWA MALIPO

Tunu ya mtu hujulikanaje? Ukimwuliza mtu yeyote ni mambo gani anayoyathamini, atakujibu upesi: Mungu, jamaa yangu, ukweli, haki. Majibu hayo ni mema, wala hatusemi kwamba ni ya uongo. Lakini maneno hayana gharama. Tunu hujulikana kwa kile tulicho tayari kukilipa kwa ajili yake. Mtu asemaye kwamba anaithamini Misa ya Dominika, na huku manyunyu machache humweka nyumbani, lakini mvua kubwa haimzuii kwenda mnadani, huyo miguu yake imekwisha kutoa ushahidi. Baba asemaye kwamba watoto ndio utajiri wake, na huku jioni zake zote humalizikia kilabuni, utajiri wake uko kilabuni. Bwana wetu Yesu Kristu, alipofundisha mlimani, alituonyesha kwamba moyo huifuata hazina. Hakutuambia tuitazame midomo yetu tupate kujua mioyo yetu iko wapi. Alitutuma tukaitazame hazina.

Mkumbukeni Esau. Yeye hakuichukia haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Kama mtu angalimwuliza asubuhi, kabla hajaenda mawindoni, yamkini angalisema kwamba ni kitu kikubwa kabisa. Lakini hakuwa amekata shauri moyoni kwamba ni kitu kisichouzwa. Jioni akarudi amechoka, harufu ya dengu ikamfikia, naye akaitoa haki yake kwa sahani moja. Njaa ile haikumfanya kuwa mtu mwingine, bali ilionyesha tu kwamba mlango haukuwa na komeo.

HABARI YA MWALIMU WA MBAHE

Tuyaache sasa ya zamani, tumtazame mtu wa siku zetu: Mwafrika, mlei, mume na baba wa watoto, ambaye maisha yake yanafanana na maisha ya wengi wanaolisoma gazeti hili.

Benedict Daswa alizaliwa tarehe 16 Juni 1946 katika kijiji cha Mbahe, katika nchi ya Wavenda, kaskazini kabisa mwa Afrika ya Kusini, sehemu ambayo leo imo katika jimbo la Limpopo. Jamaa yake walikuwa Walemba, nao hawakuwa Wakristu. Katika ujana wake alivutwa na mafundisho ya katekista mmoja, akabatizwa mwaka 1963, akalichukua jina la Benedict. Akasomea ualimu, akafundisha, na mwisho akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Nweli.

Waliomjua wamesimulia mambo yake, na mengi ya hayo ni mambo ya kawaida tu. Alisali nyumbani pamoja na jamaa yake. Alifundisha dini, akafanya kazi kwa mikono yake katika kulijenga kanisa la Nweli. Alikuwa na bustani ya mboga na matunda, na mwanafunzi aliyekosa ada alipewa kazi katika bustani hiyo apate kuilipa. Alimsaidia mkewe kazi za nyumbani, hata kufua nguo za watoto wachanga, kazi ambayo wanaume wa kwao hawakuiona kuwa ya mwanamume. Alipenda sana mpira wa miguu. Lakini wachezaji wenzake walipotaka kutumia dawa za mganga wapate ushindi, yeye alikataa, akajitenga, akaanzisha timu nyingine pamoja na wale waliokubaliana naye.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Kuanzia mwezi wa Novemba 1989 mvua kubwa zenye ngurumo ziliipiga nchi ile, na mwezi wa Januari 1990 radi ikaziteketeza nyumba kadha za nyasi pale Mbahe. Dominika tarehe 28 Januari, mkuu wa kijiji na wazee wake wakafanya baraza. Ikasemwa kwamba radi zile hazikuja zenyewe, bali yuko mtu aliyezituma. Wakaazimia kwamba kila mmoja atoe Randi 5, fedha ikusanywe, ipelekwe kwa mpiga ramli, naye amtaje mchawi. Mwalimu Benedict alifika shauri likiwa limekwisha kukatwa. Akawaeleza kwamba radi ni kitu cha maumbile. Akawaonya kwamba kumtafuta mchawi kutakuwa kumwua mtu asiye na kosa. Hawakumsikiliza. Naye akawaambia kwamba hatatoa fedha yake kwa jambo hilo.

Zikapita siku tano. Ijumaa tarehe 2 Februari 1990, siku ambayo Kanisa linakumbuka Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, mwalimu huyo alitumia gari lake kumpeleka kwa daktari mtoto mgonjwa wa shemeji yake. Wakati wa kurudi akamchukua mtu mmoja aliyekuwa na mfuko wa unga wa mahindi, akamfikisha kwao. Alipokuwa akirudi peke yake, giza likiwa limekwisha kuingia, alikuta njia imezibwa. Aliposhuka, kundi la watu likamtokea na kumpiga mawe. Akakimbia akitoka damu, akajificha katika kibanda cha mama mmoja. Wale wakamfuata, wakamwambia mama yule kwamba watamwua asipowaonyesha mtu wao. Hapo Benedict akatoka nje. Akasali. Wakampiga rungu kichwani, wakammwagia maji ya moto. Alikuwa na umri wa miaka 43. Alimwacha mkewe na watoto saba, na wa nane angali tumboni.

Tarehe 13 Septemba 2015, katika nchi yake mwenyewe, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri na mfiadini.

RANDI TANO

Sasa, ndugu wapendwa, tuipime ile Randi 5. Haikuwa fedha ya kumfilisi mwalimu mkuu mwenye nyumba na gari. Angaliitoa asubuhi, na jioni asingaliona kilichopungua. Tena hapana shaka angalipata wengi wa kumshauri. Toa tu, Mwalimu. Moyoni usiamini, bali mkono utoe. Ni fedha kidogo. Usijitenge na watu wa kijiji chako. Una mke, una watoto.

Shauri la namna hiyo halitoki kwa adui. Hutoka kwa rafiki, na ndiyo maana lina nguvu. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo twasoma habari za mzee Eleazari, mtu wa miaka 90, aliyelazimishwa kula nyama iliyokatazwa na Sheria. Rafiki zake walimwita kando wakamsihi alete nyama yake mwenyewe iliyo halali, aile machoni pa watu, ili waliomlazimisha wadhani kwamba ametii. Hivyo ataokoka, wala hatakuwa amevunja Sheria. Mzee akakataa. Alisema kwamba vijana wangemwona, wakadhani kwamba Eleazari naye ameiacha imani katika uzee wake, wakafuata njia hiyo. Mbele ya Mungu jambo lile lingaliweza kuitwa mchezo tu. Mbele ya vijana lingalikuwa somo.

Na Randi 5 ilikuwa ya kununua nini? Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Haikuwa ya dawa, wala ya kuzijenga upya nyumba zilizoungua. Ilikuwa ya kununua jina. Mpiga ramli angalilitaja jina, na jina lile lingalikuwa na mwenyewe: pengine ajuza mmoja asiye na mume wala mwana wa kumtetea, au jirani aliyefanikiwa kuliko wengine. Kila sarafu iliyotiwa katika mchango ule ilikuwa sehemu ya bei ya uhai wa mtu. Wengi walioitoa huenda hawakuliona hilo, kwa kuwa mzigo ukigawanywa kwa watu mia, kila mmoja hudhani kwamba hakubeba kitu. Mwalimu Benedict aliliona. Aliuona uso wa mtu mwishoni mwa njia ile ya fedha, naye akauzuia mkono wake.

Wala hakuanza kufikiri siku ile ya baraza. Shauri lake alikuwa amekwisha kulikata tangu siku nyingi. Alilikata alipokataa dawa za mpirani, jambo ambalo wengine waliliona kuwa ni mchezo. Alijizoeza kutoogopa macho ya watu kila alipokaa kufua nguo za wanawe. Alizoea kumwona mnyonge kila alipompa mtoto maskini jembe la bustani badala ya kumfukuza shuleni. Basi, mnunuzi alipokuja na shauri lake la Randi 5, alimkuta mtu aliyekwisha kujua ni fungu gani la mbegu. Kubwa lilitoka katika madogo, kama vile haba na haba hujaza kibaba.

JAMBO HILI SI LA MBALI

Asiwepo mtu anayedhani kwamba hayo ni mambo ya nchi nyingine. Katika nchi yetu wenyewe, hasa katika mikoa ya Ziwa, kina bibi wazee wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, ilhali macho hayo yalifanywa mekundu na moshi wa kuni na samadi kavu, walipokuwa wakiwapikia wana na wajukuu kwa miaka mingi. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, kwa kuwa wako waliosadiki kwamba kiungo cha mtu huleta mali. Mikono iliyoshika panga ni michache. Lakini ni wangapi waliotoa mchango? Ni wangapi waliojua wakanyamaza, wakisema moyoni kwamba neno hilo haliwahusu? Na katika hao, ni wangapi waliobatizwa?

Wala mnunuzi haji kwa njia ya uchawi tu. Mjini Goma, mashariki ya Kongo, ambako watu husema Kiswahili kama sisi, alikuwako kijana aitwaye Floribert Bwana Chui bin Kositi. Alizaliwa mwaka 1981, akasomea sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na saa zake za nafasi alizitumia katika kuwasaidia watoto wa mitaani. Mwaka 2007 shehena ya chakula kilichoharibika ilifika mikononi mwake. Wakamtolea hongo aipitishe. Akakataa, kwa sababu chakula kile kingaliwadhuru watu. Mwezi wa Juni mwaka huo huo alitekwa, akauawa, kabla hajatimiza miaka 26. Baba Mtakatifu Fransisko aliwasimulia vijana wa Kongo habari zake huko Kinshasa mwezi wa Februari 2023. Na tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, alitangazwa Mwenye Heri.

Angalieni jinsi mambo yake mawili yanavyoshikana. Chakula kibovu huuzwa kwa bei ya chini, nacho huliwa na maskini. Na kijana huyu maskini aliwajua kwa sura, kwa kuwa alikuwa amekaa nao. Hakuwa akiilinda karatasi ya kanuni tu. Alikuwa akiwalinda walaji. Aliye na desturi ya kuwatembelea wanyonge si rahisi kuwauza, kwa maana hongo ikiwekwa mezani, huwaona wamesimama nyuma yake.

JE, HUO SI UKAIDI?

Huenda mtu akauliza: Je, kila mwenye msimamo ni mtu wa Mungu? La, sivyo. Mkaidi naye ana msimamo, na mwenye kiburi pia. Hata wale waliomwua mwalimu wa Mbahe walikuwa na mambo waliyoyathamini: usalama wa kijiji, umoja, heshima ya baraza. Haitoshi basi kusema kwamba nimelishika jambo fulani moyoni mwangu na siliachi. Dhamiri ni sauti ya kusikilizwa, lakini nayo hufundishwa: kwa Amri za Mungu, kwa Injili, kwa mafundisho ya Kanisa, kwa mashauri ya watu wenye hekima. Saa isiyorekebishwa humdanganya mwenyewe, ijapokuwa haisimami.

Iko alama moja inayotusaidia kupambanua. Tuulize: ni nani anayelipa? Watu wale waliupenda usalama wao, wakaulipia kwa damu ya mtu mwingine. Benedict aliupenda uhai wa watu wasio na kosa, akaulipia kwa damu yake mwenyewe. Na hata saa ile ya mwisho, mama wa kibandani alipotaka kuwa wa kulipa, yeye alitoka nje. Tukijiona tu hodari sana katika kushika tunu ambazo gharama yake huangukia mke, mtumishi wa nyumbani, jirani au mgeni, na tuogope.

Lakini mtu atasema: Mke wa Mwalimu na wale watoto wanane, je, wao hawakulipa? Walilipa, ndugu zetu, nasi hatuwezi kulipita neno hilo kwa wepesi. Mjane alibaki na mzigo mzito. Twajibu kwa mambo mawili. La kwanza, tutazame urithi wa namna ya pili: watoto wangalibaki na baba, lakini baba ambaye mkono wake ulichangia kifo cha mtu, naye akaja nyumbani akaongoza sala ya jioni. La pili ni letu sisi tuliobaki. Mtu akipata hasara kwa ajili ya haki, jamaa yake imekuwa deni la Wakristu wote. Mfanyakazi akifukuzwa kwa kuwa amekataa kuandika uongo, na parokia nzima ikamtazama tu akihangaika, basi sisi ndio tunaowafundisha wengine kuuza. Jumuiya yenye kuwashika mkono wenye haki huwapunguzia wengine woga.

DAFTARI LA JIONI

Sasa tufanye nini? Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na roho nayo ni mali. Mtakatifu Ignasio wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho yaliyothibitishwa na Baba Mtakatifu Paulo III mwaka 1548, alitaka mtu aichungue dhamiri yake kila siku. Desturi hiyo si ya mapadre na watawa tu. Baba na mama waweza kuifanya kwa dakika chache, taa haijazimwa.

Na ajiulize kila mmoja maswali manne. La kwanza ni la fedha: juma hili fedha yangu ilikwenda wapi, nayo yasema kwamba napenda nini? La pili ni la saa: nje ya kazi ya riziki, saa zangu nimempa nani? La tatu ni la ulimi: ni habari gani niliyoisema kwa furaha kuliko zote, nayo ilimjenga nani, au ilimbomoa nani? La nne ni la hofu: nimemwogopa nani hata nikaacha kutenda niliyojua kuwa ni mema? Swali la nne ni zito kuliko mengine, kwa maana tunachokiogopa kukipoteza ndicho tunachokithamini kweli. Anayeogopa macho ya watu kuliko kitu chochote, tunu yake ni sifa. Na sifa ikitishiwa, ataitoa haki ili aikomboe.

Tukiisha kuona tulivyo, tukate shauri tuwe watu gani. Tusiandike mambo ishirini. Jamaa na ikae pamoja, ichague mambo mawili au matatu, iyaseme kwa maneno mepesi ambayo hata mtoto aelewa: Katika nyumba hii hatutoi hongo wala hatupokei. Katika nyumba hii hatumsingizii mtu uchawi, wala hatutoi hata senti kwa kumtafuta mchawi. Katika nyumba hii hatusemi uongo, hata kama mwenye deni anabisha hodi.

Na hili la mwisho lataka uangalifu, kwa kuwa hapo ndipo watoto wanapojifunza. Mgeni abisha, na mama amtuma mtoto akaseme kwamba mama hayupo. Mama adhani kwamba ameokoa aibu ya siku moja. Mtoto amejifunza kwamba ukweli una bei, na kwamba bei yenyewe ni ndogo. Baada ya miaka ishirini mtoto yule atakuwa karani, askari au mwuguzi, na mnunuzi atamjia na bei kubwa zaidi. Tusistaajabu akiuza. Hali kadhalika mwenye duka apunguzaye mizani mbele ya mwanawe, na mwalimu apokeaye zawadi ili abadili alama. Samaki mkunje angali mbichi. Naye mtoto hukunjwa na yale anayoyaona kuliko yale anayoyasikia.

Tena tuwe na desturi ya kulipa kidogo kidogo. Tukirudishiwa chenji iliyozidi, tuirudishe, hata kama ni ndogo. Tukikosa, tukiri bila kutafuta wa kumsingizia. Mtu akisengenywa mbele yetu, tuseme neno moja jema juu yake. Mambo hayo hayaandikwi magazetini, lakini ndiyo yanayotia komeo mlangoni.

KWA ALIYEKWISHA KUUZA

Hapana shaka wako wasomaji ambao, wakisoma maneno haya, wanaikumbuka siku waliyouza. Saini ilitiwa, fedha ikapokewa, neno likanyamaziwa. Wasikate tamaa. Petro alijiapiza kwamba hatamwacha Bwana wake, na usiku ule ule, mbele ya kijakazi, alimkana. Alikuwa na maneno, hakuwa bado na mazoezi. Lakini alilia, akarudi. Na yule aliyeogopa swali la kijakazi akaja kufa kwa ajili ya Kristu huko Roma. Sakramenti ya Kitubio ndiyo mlango wa kurudi, nao uko wazi. Mwenye kuiendea na airudishe ile bei kwa kadiri awezavyo: aliyeibiwa alipwe, aliyesingiziwa asafishiwe jina lake. Hapo ataanza upya, akiwa na hekima kuliko kwanza, kwa maana sasa aijua sauti ya mnunuzi.

Basi, jamaa wapenzi, tusingoje siku ya njaa. Leo, tukiwa bado tumeshiba na akili zetu zimetulia, tuketi pamoja tulitenge fungu la mbegu. Tumwombe Mwenye Heri Benedict, aliyekuwa mume, baba na mwalimu, atuombee tuone uso wa mtu mwishoni mwa kila senti tunayoitoa na kila senti tunayoipokea. Na mnunuzi atakapofika, kwa maana hakosi kufika, atukute tumekwisha kulijua jibu, na watoto wetu nao wanalijua.

Mwenyezi Mungu awabariki katika nyumba zenu.